Kaburi la Ng'ambo: Habari za Maisha ya Dr. Johann Ludwig Krapf, 1810–1881

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, upande wa Nyali na Kisauni, si mbali na maji ya bandari ya kale, liko kaburi lililotangulia kila kanisa la dayosisi yetu. Humo amelazwa Rosine Krapf, na kando yake mtoto wake mchanga, waliofariki katika mwezi wa Julai, mwaka wa 1844. Wengi hupita karibu nalo wakienda zao kazini au sokoni. Wengine husimama, wakaona ni kaburi la wageni, wakaondoka. Hawajui kwamba wamesimama penye mlango wa habari zao wenyewe.

Jiwe la kaburi ni mwalimu mwenye maneno machache. Hutaja jina na siku, kisha hunyamaza. Mtu apendaye kujua zaidi hana budi kuliuliza, tena kuuliza kwa subira. Kaburi hili latupa maswali matatu. Kwanza, kwa nini mwanamke huyu alizikwa ng'ambo, wala si mjini alikokuwa akikaa? Pili, mumewe yuko wapi, maana hakulazwa pamoja naye? Tatu, ni nani wengine walioifanya kazi ile, ambao hatuwaoni wakitajwa penye mawe? Tukiyajibu haya tutakuwa tumesimulia maisha ya Dr. Krapf, na pia tutakuwa tumeona jinsi Neno lilivyoanza kuandikwa katika lugha yetu.

UTOTO WAKE

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, mwaka wa 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika nchi ya Württemberg, ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, wala nyumba yao haikuwa ya watu wakubwa. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vikali kwa kosa lililofanywa na mtoto mwingine. Akaugua kwa kipigo kile muda wa miezi sita. Katika kulala kwake kitandani alisoma Biblia na vitabu vya dini, na mambo ya Mungu yakaanza kuingia moyoni mwake. Hivyo udhalimu wa mtu mmoja Mungu aliugeuza kuwa shule.

Alipopona alitiwa katika shule ya Tübingen. Huko akapata kitabu cha ramani, akaitazama ramani ya Afrika, akaona upande wa mashariki pana sehemu kubwa tupu, haina mji wala mto ulioandikwa. Akastaajabu, akauliza kama kweli nchi ile haina watu. Tangu siku hizo alitamani kwenda mbali. Kwanza alifikiri kuwa nahodha wa merikebu, baadaye akaona kwamba kazi yake ni kuipeleka Injili. Akasoma katika chuo cha misioni cha Basel, katika nchi ya Uswisi. Baada ya kupita muda wa mashaka na kungoja, alipokewa na Chama cha C.M.S. cha Uingereza, na mwaka wa 1837 akatumwa kwenda Uhabeshi.

Kazi ya Uhabeshi haikuwa nyepesi. Mwaka wa 1838 alifukuzwa katika nchi ya Tigre. Hakurudi kwao, bali mwaka uliofuata aliingia Shoa, nchi ya Mfalme Sahle Selassie, akakaa huko mpaka mwaka wa 1842. Katika Shoa alipata habari za taifa kubwa lililokaa upande wa kusini, ambao zamani waliitwa Wagalla, na leo twawaita Waoromo. Moyo wake ukashikamana nao sana. Aliamini kwamba wakiipokea Injili, Afrika yote ya mashariki itaangazwa. Yafaa msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana ndilo lililomleta kwetu. Alipofika pwani yetu hakuwa akitutafuta sisi. Alikuwa akitafuta mlango wa nyuma wa kuwafikilia Waoromo.

SAFARI YA BAHARINI

Mwaka wa 1842 Krapf alitoka Shoa, akaenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyekuja kutoka Ulaya. Wakaoana huko Misri. Walipotaka kurudi Shoa walikuta njia imefungwa. Wakajaribu njia nyingine kwa upande wa Bahari ya Sham, nayo ikawashinda. Katika jangwa la upande ule Rosine alizaa mtoto wa kike kabla ya siku zake kutimia. Wakambatiza wakamwita Eneba, neno la lugha ya Kihabeshi ambalo maana yake ni chozi. Mtoto akafa, wakamzika jangwani. Basi kaburi la Mombasa halikuwa la kwanza kwa watu hawa wawili. Walikuja kwetu wakiwa wamekwisha kulia.

Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1843, walipanda chombo huko Aden ili washuke pwani. Chombo kilikuwa kibovu; kikaanza kuingia maji, nao nusura wazame, wakaokolewa na kurudishwa Aden. Wengi wangalisema kwamba hiyo ni ishara ya kuiacha safari. Lakini wao walitafuta chombo kingine, wakasafiri tena. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana iliwakuta pwani, upande wa Takaungu. Tarehe 3 Januari, mwaka wa 1844, walitia nanga Mombasa, na tarehe 7 Januari wakafika Unguja.

Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Unguja na pwani yote, alimpokea Krapf kwa heshima. Akampa waraka kwa maliwali wake, akiwaagiza wamtendee mema mgeni huyu na kumsaidia, kwa kuwa ni mtu mwema atakaye kuwavuta watu kwa Mungu. Haifai tusahau kwamba mlango wa misioni yetu ulifunguliwa na mkono wa mtawala Mwislamu. Hata katika mwezi wa Mei mwaka ule ule, Krapf na mkewe wakahamia Mombasa, wakapata nyumba mjini, wakaanza kuishi.

Krapf hakupoteza siku. Aliona kwamba hawezi kusema na watu mpaka aijue lugha yao, naye alikuwa mwepesi wa lugha kama watu wachache walivyo. Tarehe 8 Juni, mwaka wa 1844, wakati hajatimiza hata miezi miwili mjini, alianza kuitafsiri Mwanzo, kitabu cha kwanza cha Musa, katika Kiswahili cha Mvita. Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Aliketi pamoja na Sheikh Ali bin Muhiddin, kadhi wa Mombasa, mtu mwenye elimu. Mmoja alikuwa Mkristo wa Ulaya, mwingine mwanachuoni wa Kiislamu. Wakatafuta pamoja maneno ya kusimulia jinsi Mungu alivyoziumba mbingu na nchi.

JULAI, MWAKA WA 1844

Mwanzo wa mwezi wa Julai homa ilimshika Krapf. Siku zile haikujulikana kwamba homa ile huletwa na mbu, wala dawa hazikuwa nyingi. Alikuwa angali hoi, na Rosine naye akashikwa, hali siku zake za kuzaa zimewadia. Tarehe 6 Julai alizaa mtoto wa kike. Homa haikumwacha. Kwa siku kadha mume na mke walilala wagonjwa katika nyumba moja, wala mmoja hakuwa na nguvu za kumwuguza mwenziwe. Tarehe 13 Julai Rosine alifariki. Mtoto hakukawia kumfuata mama yake. Krapf alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, akabaki peke yake katika mji wa wageni, mwili umedhoofika, na nyumba imekuwa tupu.

Hapa ndipo tunapata jawabu la swali letu la kwanza. Kabla ya kufa kwake Rosine aliomba asizikwe mjini kisiwani, bali azikwe ng'ambo, upande wa bara, penye nchi ya watu walioitwa Wanyika, ambao leo twawaita Wamijikenda. Alitaka kaburi lake liwe mahali wanapopita watu, ili kila alionaye akumbuke sababu iliyowaleta wao katika nchi hii. Alijua hatapata muda wa kujifunza lugha wala kufundisha mtoto hata mmoja kusoma. Kwa hiyo aliacha kaburi lake lisimame badala ya mahubiri ambayo hakujaliwa kuyatoa. Basi wakamvusha maji, wakamzika huko kama alivyoomba, na mtoto akazikwa kando yake.

Krapf, aliyekuwa hana nguvu hata za kusimama vema, aliwaandikia wakubwa wa chama chake huko London. Mtu angetazamia aombe kurudishwa kwao. Hakuomba hivyo. Aliwapa habari kwamba sasa liko kaburi moja la misioni katika pwani ya Afrika ya Mashariki, nalo ni alama ya kwamba vita ya Injili imekwisha anzwa upande huu; na kwa kuwa Kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, wakati umefika wa kutuma watu wengine. Barua ile ilisomwa na wengi, ikaamsha mioyo.

RABAI

Kwa muda wa miaka miwili Krapf alibaki peke yake, akijifunza lugha, akiandika maneno, akiwazuru wazee wa vijiji vya bara. Tarehe 10 Juni, mwaka wa 1846, alipata mwenzi, Johannes Rebmann, kijana wa nchi yake mwenyewe. Wazee wa Rabai walikubali kuwapa mahali pa kukaa, na tarehe 25 Agosti, mwaka wa 1846, wakatoka kwenda huko. Wote wawili walikuwa wakiugua homa siku ile, nao walikuwa na punda mmoja tu. Mmoja alipanda, mwingine akatembea kwa kujikokota, kisha wakabadilishana, mpaka wakaumaliza mlima. Misioni ya Rabai, ambayo imewazaa watu wengi, ilianzwa na wagonjwa wawili na punda mmoja.

Hatupendi kuandika kana kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Miaka ikapita, na watu wa Rabai walisikiliza kwa adabu, wakarudi katika desturi zao. Wengine waliuliza watapewa nini wakija kusali. Krapf naye alikuwa mtu wa moyo wa moto. Alitaka kupanga mistari ya misioni toka bahari ya mashariki mpaka bahari ya magharibi, kabla kijiji kimoja hakijasimama. Rebmann alipenda kukaa mahali pamoja na kuchimba kwa kina. Tena Krapf aliwahukumu watu kwa ukali katika maandishi yake, akayaita mambo mengi giza asipokuwa ameyafahamu vema. Twayasema haya bila kumvunjia heshima, kwa kuwa mtu wa Mungu hapungukiwi na kitu habari zake zikisemwa kwa kweli.

Katika miaka ile Mkristo wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete. Wengine walimwona kuwa si kitu, lakini yeye alisikiliza, akauliza, akaelewa. Alibatizwa alipokuwa karibu na kufa. Hivyo tunda la kwanza la kazi ile lilikwenda kaburini mara tu lilipoiva. Baada yake akaja Abe Gunja, mzee aliyeshikamana na Neno, naye ndiye aliyekuwa kama nguzo ya Wakristo wachache wa Rabai siku za Rebmann.

SAFARI ZA BARA

Toka Rabai walianza kusafiri. Mwaka wa 1848 Rebmann aliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara, akaenda Uchagga. Na tarehe 11 Mei akauona mlima wa Kilimanjaro na weupe ulio juu yake. Alipouliza ule weupe ni kitu gani, mwenzake wa safari hakuwa na jina la kulitaja, akauita baridi tu. Rebmann akafahamu kwamba ni theluji. Wenye elimu wengine huko London, walioketi katika viti vyao, walicheka, wakasema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Mwaka huo huo wa 1848 Krapf alikwenda Usambara, akapokewa Vuga na Mfalme Kimweri. Mwezi wa Novemba, mwaka wa 1849, akaenda Ukambani kwa Kivoi, mfanyi biashara mkubwa wa Kitui. Na tarehe 3 Desemba akauona kwa mbali mlima wa Kenya, ambao kwa jina lake nchi yote iliitwa baadaye.

Mwaka wa 1851 alirudi kwa Kivoi, wakatoka pamoja kwenda upande wa mto Tana. Wanyang'anyi wakawaangukia njiani, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake nyikani. Njaa na kiu zikamshika. Alipofika mtoni hakuwa na chombo cha kuchukulia maji; akayajaza katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, akaenda usiku na kujificha mchana. Aliponyoka kwa shida nyingi, akafika Rabai akiwa amekonda hata watu walidhani amekwisha kufa.

Safari hizi ziliwafungulia njia wengine. Ramani iliyochorwa na mwenzao Erhardt kutokana na habari za watu wa misafara iliwafanya Waingereza watume watu kutafuta maziwa makuu, mwaka wa 1857. Walakini kwa Krapf mwenyewe milima na mito haikuwa shabaha. Alikuwa akitafuta njia ya watu.

KAZI YA KALAMU

Kama mtu akituuliza ni kazi gani ya Krapf iliyodumu kuliko zote, tutajibu kwamba ni kazi ya kalamu. Kabla yake Kiswahili kilikuwa kimeandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na tungo za wazee wetu zilihifadhiwa hivyo. Krapf hakuzidharau. Alichukua maandiko ya tenzi kwenda nayo Ulaya, akayaweka katika maktaba huko Ujerumani, na mojawapo ni ule utenzi mkongwe uitwao Chuo cha Herkal. Kisha yeye akaanza kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ambazo ndizo watoto wetu huzisoma leo shuleni.

Sura za kwanza za Mwanzo, zile alizozianza kabla ya msiba wake, zilichapishwa Marekani katika miaka ile ile ya 1840. Mwaka wa 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa Tübingen, katika mji ule ule alikosoma akiwa mtoto. Wakati wote huo alikuwa akikusanya maneno, neno kwa neno, kwa wavuvi, kwa wakulima, kwa wanavyuoni wa Mvita. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka wa 1882. Mwenyewe hakuiona, kwa kuwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Baadaye Askofu Steere na wenzake waliandika Kiswahili cha Unguja, na katika mkutano wa Mombasa wa mwaka wa 1928 Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa vitabu vya shule. Kwa hiyo Kiswahili cha Krapf, ambacho ni Kimvita, si kile tukisomacho katika Biblia ya mwaka wa 1952. Lakini ajengaye ghorofa hawezi kumsahau aliyechimba msingi. Hata leo watu wa elimu wakitaka kujua neno fulani lilisemwaje Mombasa zamani, hufungua kamusi ya Krapf.

MWISHO WAKE

Mwaka wa 1853 afya yake ilikuwa imevunjika, akarudi Ulaya. Akakaa Korntal, kijiji cha watu wa dini karibu na Stuttgart. Mwaka wa 1862 alikuwapo tena pwani yetu, akiwasaidia wamisioni wa Kimethodisti kuanza kazi Ribe pamoja na Thomas Wakefield. Kisha mwili ukamshinda, akarudi. Rebmann alibaki Rabai mpaka mwaka wa 1875, naye amekuwa kipofu. Safari yake ya kurudi Ulaya alifuatana na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, ambaye alikuwa macho yake njiani. Wazee wawili wa Rabai wakakutana tena Korntal, na Rebmann akafa huko mwaka wa 1876.

Krapf akaendelea na kamusi yake na barua zake na maombi yake. Tarehe 26 Novemba, mwaka wa 1881, alionekana asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda chake, naye amekwisha fariki. Akazikwa Korntal. Hilo ndilo jawabu la swali la pili. Mume amelala katika baridi ya Ulaya, na mke amelala penye upepo wa bahari yetu. Mmoja aliishi na sisi miezi michache, mwingine miaka. Lakini ni yule wa miezi michache aliyebaki.

YALIYOOTA KANDO YA KABURI

Kwa muda wa miaka thelathini kaburi lile lilisimama karibu peke yake. Jahazi zilizochukua watumwa zilipita mbele yake. Mwaka wa 1873 Seyyid Barghash alitia mkono mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na mwaka wa 1875 C.M.S. wakaanza mji wa waliokombolewa, nao wakauita Frere Town. Mahali palipochaguliwa ni upande ule ule wa ng'ambo, si mbali na kaburi la Rosine. Watu wa makabila mengi, waliotolewa katika majahazi wakiwa hawana baba wala mama, walipata hapo nyumba, shule, shamba na kanisa. Palitundikwa kengele ya kuwaita watu na kuwapa habari ya hatari. Na mpaka leo mahali hapo panaitwa Kengeleni, ijapokuwa wengi wapitao hapo hawajui sababu ya jina hilo.

Wengine katika kazi ile walikuwa Waafrika waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakapelekwa India kusomeshwa, kisha wakarudi. Kati yao walikuwa William Jones na Ishmael Semler, ambao Askofu Hannington aliwaweka kuwa mashemasi mwaka wa 1885, miezi michache kabla yeye mwenyewe hajauawa Busoga. Basi ile barua iliyoandikwa na mjane mgonjwa ilijibiwa. Wengine walitumwa toka Ulaya, ni kweli. Lakini jawabu kubwa lilitoka katika watu wa Afrika wenyewe.

Na hapa tunafika kwenye swali la tatu, nalo latugusa kuliko mengine. Tumewataja Sheikh Ali bin Muhiddin, aliyeyapima maneno ya Mwanzo, Bwana Kheri, aliyezijua njia, Kivoi, aliyempokea mgeni akafa katika safari yao, Mringe kiwete, Abe Gunja na mwanawe Nyondo, na wazee wa Rabai waliotoa ardhi. Bila wao Krapf asingalisema neno, asingalifika mahali, wala asingalipata pa kuweka kichwa chake. Majina yao twayajua kwa kuwa Krapf na wenzake waliyaandika. Ni wangapi wasioandikwa? Ni nani aliyeupiga makasia mtumbwi uliomvusha Rosine siku ile? Ni nani waliolichimba kaburi katika ardhi ngumu, na kuuweka udongo juu ya mtoto mchanga asiye wa kwao? Walikuwa watu wa pwani hii, tena kwa sehemu kubwa si Wakristo. Walimtendea mgeni haki ya mwisho ambayo mtu humtendea mwenziwe.

Walimu na ndugu Wakristo, yubile ni wakati wa kuhesabu. Tusihesabu mapato ya sadaka na idadi ya makanisa tu. Tuhesabu na waliotutangulia. Katika kila uwanja wa kanisa yako makaburi, na mengine yamefunikwa na majani, na herufi zake zinafutika kwa mvua. Mwalimu awachukue watoto wa shule siku moja, wafyeke majani, wasome yale yanayosomeka, wayaandike katika daftari la kanisa. Kisha waende kwa wazee wa mtaa, waulize huyu alikuwa nani, alitoka wapi, alifundisha nini, ni nani waliomzika. Wafanye hivyo upesi, kwa kuwa mzee akifa hufa na majina mengi. Na penye kaburi lisilo na jiwe, la katekista aliyetembea kwa miguu vijiji kumi kwa mshahara mdogo, au la mama aliyewapikia wageni wa kanisa maisha yake yote, hapo wakaze kuuliza zaidi.

Rosine Krapf aliomba azikwe mahali wapitapo watu ili wakumbuke. Tukipita tukakumbuka, ombi lake limejibiwa. Tukikumbuka na wale waliomvusha maji, tutakuwa tumeisoma habari yote.